Jumamosi Mbio Zilipokosa Mshika Saa: Uchambuzi wa Kisa

Tangazo la mbio zetu za jamii za kila wiki lilitoka Ijumaa jioni: kesho hakuna mbio. Sababu iliyoandikwa ilikuwa fupi, kwamba watu wa kujitolea hawakutosha. Asubuhi yake watu walifika bustanini kama kawaida, maana si kila mtu huangalia simu usiku. Hawakukuta kamba, hawakukuta mshika saa, wala mtu wa kuwaeleza chochote. Wazoefu walikimbia wenyewe wakaondoka. Waliokuja kwa mara ya kwanza waligeuza njia, na baadhi yao hawajaonekana tena.

Saa hiyohiyo klabu yetu, ambayo ndiyo iliyoomba kibali cha bustani na kuzilea mbio hizo tangu siku ya kwanza, ilikuwa ndani ya basi ikielekea kwenye mashindano ya mbio za nyika. Karibu kila mtu anayejua kuendesha zile Jumamosi alikuwa kwenye basi hilo. Hakuna aliyezembea. Wakimbiaji walikwenda kuiwakilisha klabu yao kama walivyopangiwa, na ratiba ya mashindano ilijulikana miezi kadhaa kabla. Kila mmoja alitimiza wajibu wake na bado mbio zikafutwa. Kwa sababu hiyo naona kisa hiki kinafaa kusomwa na klabu yoyote inayoshiriki mbio za kila wiki za jamii yake.

Mbio zenyewe zinavyokwenda

Zinafuata utaratibu wa parkrun: kilomita 5, kila Jumamosi asubuhi, bure, na unaweza kukimbia au kutembea. Unajisajili mara moja mtandaoni, unapata barkodi, na barkodi hiyo inakutosha popote utaratibu huo ulipo. Ulianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Mwanzilishi wake, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa ameumia na hawezi kukimbia. Hakutaka kuwapoteza wenzake wa mbio, kwa hiyo aliwaandalia mbio yeye akabaki pembeni kuzisimamia. Namba za kumalizia zilikuwa washa za chuma, zile zinazowekwa chini ya nati, zimegongwa tarakimu. Matokeo yaliandikwa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 2007 zikafunguliwa mbio za pili, Wimbledon. Novemba 2011 Bruce Fordyce, aliyeshinda mbio ndefu za barabarani za Comrades mara 9, alianzisha za kwanza Afrika Kusini katika Delta Park, Johannesburg.

Naanza na historia hiyo kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo klabu nyingi hulisahau: mtu wa kwanza kuzihudumia mbio hizi alikuwa mkimbiaji wa kweli aliyekuwa nje kwa maumivu. Nitalirudia mbele, kwa maana sehemu ya ufumbuzi wetu ilitoka hapo.

Anayekuja kukimbia tu haoni kazi ilipo. Kazi iko mita chache baada ya mstari wa kumalizia. Mshika saa anabonyeza mara moja kwa kila anayevuka. Saa yake haijui jina la mtu, inajua kwamba huyu ni wa 57 na muda wake ni huu. Baada ya mstari watu wanaingia kwenye ujia uliozungushiwa kamba, wakifuatana kama walivyovuka, na mwisho wa ujia kila mmoja anapewa tokeni yenye namba ya nafasi yake. Anaipeleka kwa msoma barkodi, naye anasoma barkodi ya mtu kisha ya tokeni. Baadaye muda wa 57 unakutanishwa na tokeni ya 57, na hapo ndipo mtu anapata muda wake.

Sasa fikiria baba anavuka mstari kumpokea mwanawe na mshika saa anabonyeza. Au kijana anaruka kamba kwenda kunywa maji kabla hajapewa tokeni. Kuanzia hapo kila aliye nyuma anapewa muda usio wake. Mama aliyehangaika wiki kumi kushuka chini ya dakika 40 anaweza kusomewa dakika 39 na sekunde 58 ambazo ni za aliyevuka kabla yake, kwa sababu ya mtu asiyemfahamu. Ndiyo maana kila baada ya dakika chache utasikia mshika saa akipaza sauti, "Sitini na nne!" na mgawa tokeni akijibu, "Sitini na nne hapa!" Wakitofautiana, mtu anaandika kwenye karatasi palepale ilipotokea, na anayeshughulikia matokeo atajua pa kurekebisha.

Kazi hiyo ni ya umakini, lakini hujifunzi kwa mwaka mzima. Mtu mzima asiyewahi kushika saa ya mbio anaielewa kwa dakika kumi. Kusoma barkodi ni rahisi zaidi. Kusimama kwenye kona na kuonyesha njia kunahitaji macho, mdomo na moyo wa kupiga makofi. Nafasi moja tu ndiyo ngumu kweli, ya msimamizi wa siku. Yeye ndiye anayekagua njia, anayeamua kama hali ya hewa inaruhusu, anayepokea taarifa mtu akianguka. Hiyo huchukua wiki kadhaa za kukaa pembeni ya mzoefu.

Daftari la zamu

Kamati ya klabu ilipokutana, kauli ya kwanza ilikuwa ile inayosikika kila mahali: watu hawapendi kujitolea. Wengi walikubali, wakaanza kulaumu kizazi hiki.

Mwenzetu mmoja akaomba tulisome daftari la zamu la miezi iliyopita kabla ya kumlaumu mtu. Lilionyesha majina yaleyale yakizunguka, karibu yote ya wanachama wa klabu. Wasimamizi wa siku wote walikuwa wetu. Washika saa, karibu wote wetu. Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa njia ya kuitana zamu. Wito ulikuwa unatumwa Jumatano kwenye kundi la WhatsApp la klabu, peke yake. Watu wasio wanachama, ambao ndio wengi kila Jumamosi, hawakuwahi kuombwa. Walikuwa wakishukuriwa kwa kuja, wakikumbushwa kubeba barkodi, basi.

Tulipoanza kuwauliza, jibu lilikuwa moja kwa maneno tofauti: "Tulidhani hizi ni mbio za klabu yenu." Mwanamke mmoja anayetembea na dada yake kila wiki alisema alitamani kusaidia tangu zamani, ila aliona waliovaa fulana za kuakisi mwanga wote wana jezi ya klabu ndani yake, akadhani lazima uwe mkimbiaji wa kasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuwa tumeliweka ndani ya chumba ambacho mgeni haingii.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Tatizo lilitokana na bidii ya klabu. Ilibeba kila kitu kwa mapenzi, mwaka baada ya mwaka, hadi wengine wote wakazoea kuhudumiwa. Klabu ikishaonekana kama mwenyeji, kila asiye mwanachama anajiona mgeni, na mgeni hanyanyui kamba. Siku mwenyeji akisafiri, nyumba inafungwa.

Lipo pia suala la kasi. Kundi la mazoezi magumu la klabu lilikuwa linatumia Jumamosi kama jaribio la muda. Kocha analo haki ya kutaka hivyo, njia imepimwa na muda unaandikwa bure. Lakini vijana wake walikuwa wakipasha misuli palepale anapoelekezwa mgeni wa mara ya kwanza, wakizungumza muda wa kila kilomita, na wakimaliza wanasimama ndani ya ujia wa kamba kulinganisha saa zao huku watu nyuma wanajazana. Hawakuwa na ubaya wowote. Mgeni aliyetumwa na daktari kuja kutembea aliyatazama hayo yote akahitimisha kwamba amekosea mahali. Uingereza, tangu 2018, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia kinashirikiana na parkrun ili zahanati ziwaelekeze wagonjwa na wafanyakazi wao kwenye mbio hizi, kwa hiyo mgeni wa namna hiyo anatarajiwa kila wiki. Februari 2024 parkrun wenyewe waliondoa kwenye tovuti yao orodha za rekodi za njia na za wenye kasi zaidi. Wakimbiaji wengi wa klabu walikasirika. Mimi naiona hatua hiyo kuwa ya haki, kwa kuwa mtu anayetafuta rekodi ana mashindano mengi ya kwenda, na anayetafuta mahali pa kutembea bila kuchekwa hana mengi.

Tiba tulizozikataa

Pendekezo la kwanza lilikuwa siku maalum ya klabu: mara moja kila baada ya miezi mitatu klabu ijaze nafasi zote, kuanzia msimamizi hadi mshika mkia anayetembea nyuma ya wote, kila mmoja kwa jezi. Klabu nyingi hufanya hivyo na siku yenyewe huwa nzuri. Kuna keki, kuna picha, wanachama wasiowahi kujitolea wanaonja. Sina neno na furaha hiyo. Ila kwa tatizo letu ingekuwa kuongeza chumvi kwenye kidonda. Siku hiyo moja ingewathibitishia wote kwamba kazi ni ya klabu, halafu Jumamosi kumi na mbili zinazofuata zinabaki na pengo lilelile. Mtu mmoja wa klabu anayekuja kila wiki na kumfundisha jirani asiye mwanachama ana thamani kuliko watu ishirini wa siku moja.

La pili lilikuwa kulazimisha: kila mwanachama ahudumu mara kadhaa kwa mwaka, la sivyo uanachama wake usihuishwe. Nililipinga kwa nguvu. Mtu aliyelazimishwa kusimama kwenye kona anasimama huku anaangalia simu, na mkimbiaji anayepita kwa shida anaona mgongo wake. Huduma ya namna hiyo inaharibu mahali.

La tatu lilitoka kwa mtunza hazina, kwa nia njema kabisa: tukusanye ada ndogo, tulipe watu wawili wa kudumu. Hili lilijadiliwa kirefu. Utaratibu wa bure hauna mjadala ndani ya parkrun. Mwaka 2016 baraza la Stoke Gifford, karibu na Bristol, lilipoamua mbio za Little Stoke zichangie gharama za bustani, parkrun walikataa, na mbio hizo zikafungwa. Hata kama kanuni ingeruhusu, ada ingemrudisha mlangoni yule aliyekuja kwa sababu hakuna mlango. Mtunza hazina alikubali, na baadaye yeye mwenyewe akawa msoma barkodi wa kutegemewa.

Tulichobadilisha

Jambo lililozaa matunda haraka lilikuwa dogo hadi naona haya kulisema: klabu ikaipa timu ya Jumamosi kalenda yake ya mashindano mwanzoni mwa msimu. Jumamosi zenye safari zikawekwa alama nyekundu, na kwa kila moja akatafutwa msimamizi asiyesafiri, miezi miwili kabla. Kama kalenda hiyo ingekuwa imefika mapema, zile mbio zisingefutwa.

Wito wa zamu ukatolewa kwenye kundi la klabu ukahamishiwa mahali ambapo watu wote wapo, yaani kwenye maelezo ya kabla ya kuanza. Namna ya kuuliza ikabadilika pia. Mwanzoni msimamizi alisema, "Tunahitaji watu wa kujitolea wiki ijayo," na watu wakaangalia viatu vyao. Akajifunza kusema, "Wiki ijayo natafuta mtu mmoja wa kusimama pale kwenye daraja. Utamaliza saa moja baada ya kuanza." Mkono unanyanyuka. Kazi yenye jina, mahali na mwisho inakubalika.

Kisha klabu ikajiwekea kikomo: nafasi zake zisizidi theluthi moja katika Jumamosi ya kawaida. Nyingine ziachwe, hata zikikawia kujazwa. Kikomo hicho kilikuwa kigumu kwa waliozoea. Alhamisi daftari likiwa na mapengo, mkono wa mzoefu unawasha kuandika jina lake. Ilibidi wazuiane. Wiki za mwanzo zilikuwa za wasiwasi mtupu, na mara kadhaa nafasi ya mwisho ilijazwa dakika chache kabla ya kuanza na mtu aliyekuja kukimbia. Lakini zilijazwa.

Watu wa klabu wakahamia kwenye kazi ya kufundisha. Anayeshika saa kwa mara ya kwanza anasimama na mzoefu, mzoefu ana saa ya pili mfukoni kama akiba. Yule mwanamke anayetembea na dada yake alianza na tokeni. Sasa anashika saa, na akipaza namba hakuna asiyemsikia bustani nzima. Dada yake ni mshika mkia: anatembea nyuma ya wote ili asiwepo anayebaki wa mwisho peke yake. Tangu Oktoba 2022 parkrun pia wanayo nafasi ya mtu wa kujitolea anayetembea na watembeaji katikati ya njia, na hiyo nayo ilijazwa na watu ambao klabu isingewapata kwa jezi.

Kwa upande wa kasi, kocha alikubali mambo mawili bila ugomvi. Vijana wanapasha misuli upande wa pili wa uwanja, na wakimaliza wanapita ujiani moja kwa moja hadi kwa msoma barkodi. La tatu lilikuwa wazo lake mwenyewe. Wanariadha wake walioumia, na wale wanaopumzisha miguu wiki moja kabla ya mashindano, wanapewa zamu badala ya kukaa nyumbani. Hapo ndipo ile habari ya Bushy Park inapoingia. Mkimbiaji aliyeumia huwa anakauka ndani: kundi linaendelea bila yeye, ujumbe unapungua, mwisho anaacha. Akiwa kwenye kona na fulana ya kuakisi mwanga, anawaona wenzake wakipita na wenzake wanamwona. Nimeshuhudia kijana mwenye jeraha la kifundo akitoa maelekezo kwa wageni wa mara ya kwanza kwa upole ambao sikuujua kwake, akijibu maswali yaleyale: hapana, hakuna muda wa mwisho, ndiyo, unaweza kutembea yote, mtoto wa chini ya miaka 11 awe karibu nawe kwa urefu wa mkono.

Faida iliyorudi kwa klabu haikuja kwa njia tuliyoitarajia. Miaka yote tulidhani jezi nyingi mbele ndizo zitakazovuta wanachama. Wanaojiunga sasa wengi wanataja mtu fulani: aliyewakaribisha, aliyetembea nao, aliyewatafutia tokeni iliyodondoka. Kundi la wanaoanza kukimbia, lile la kuchanganya kutembea na kukimbia kwa wiki tisa, linamalizia mafunzo yake kwenye mbio za Jumamosi. Wakifika wanakuta sura wanazozijua kwenye kila kona.

Yaliyobaki

Nafasi ya msimamizi wa siku bado inatusumbua. Wapo wawili wasio wanachama waliomaliza kujifunza, na mmoja wao ameshaendesha Jumamosi ya alama nyekundu peke yake bila tatizo. Wawili hawatoshi. Kazi hii ina uzito wa kuamua, na watu wanaoweza kushika saa kwa raha wanarudi nyuma wakiambiwa kwamba uamuzi wa kufuta mbio utakuwa wao. Tumeigawa kazi hiyo: mmoja anakagua njia na kuandika, mwingine anatoa maelezo na kusimamia mstari, na uamuzi mzito unafanywa kwa pamoja kwa simu na msimamizi mzoefu. Inasaidia, ingawa inahitaji watu wawili pale alipotosha mmoja.

Kuna pia wanachama wa zamani walioona wamenyang'anywa. Mmoja aliyeshughulikia matokeo tangu mwanzo aliumia alipoombwa amfundishe mwingine, na naelewa kwa nini, kwa maana kazi ile ilikuwa sehemu ya maisha yake. Hakuna aliyemshukuru ipasavyo wakati ule. Kamati imekubaliana kwamba yeye ndiye atakayekuwa mkufunzi wa wote wanaojifunza matokeo, na kwamba hakuna atakayeanza bila kukaa naye kwanza. Alikubali. Mwanafunzi wake wa kwanza, mwalimu mstaafu anayetembea kilomita zote 5 kwa fimbo, anaanza msimu huu, kabla basi la kwanza la mbio za nyika halijaondoka.